Dakika za Njia ya Mto

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na ofisi ya mji niandike hali ya njia kila siku mpaka mvua zikatike. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa adabu zote: njia tatu, zote zinapitika, alama za njano zinaonekana. Kisha nikaona kurasa ni nyingi na hali ya njia haizidi mistari miwili, kwa hiyo zilizobaki nimezitwaa. Ofisi nitaipelekea karatasi nyingine.

Kazi yangu ni kutunza njia za kutembea kwa miguu: Njia ya Mto, Njia ya Bustani na Njia ya Kilima. Nafyeka majani, nazibua mifereji, napaka mawe rangi ili mgeni asipotee. Kijitabu cha wageni kinaziita njia rahisi. Ni rahisi kwa anayepita mara moja akarudi kwao. Mimi huu ni mwaka wa ishirini na tisa nazipita, na magoti yangu yana maoni tofauti.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Mifereji miwili imeziba. Mgongo unauma.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ameuliza mara mbili kama barua imekuja. Haijaja.

Jumanne, 11 Machi

Barua imekuja.

Mume wangu aliongoza wageni kwenye njia hizi miaka ishirini na saba, na yeye ndiye aliyezipima. Dakika zilizoandikwa kwenye vibao, mwanzo wa kila njia, ni zake. Mji mzima unamwita Bwana Dakika, na jina lenyewe analipenda ingawa anajifanya halipendi. Mwaka jana alipata kiharusi. Hakikuwa kikubwa, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito, na kibali chake cha kuongoza wageni kiliisha muda akiwa kitandani. Tangu hapo yuko nyumbani, anakaa dirishani, anawasahihisha wapita njia. Huyu anakanyaga vibaya, yule amebeba mzigo upande mmoja.

Barua inasema hivi: akitaka kibali kipya, lazima aipite Njia ya Mto kutoka darajani hadi kinu cha zamani ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye kibao. Kibao kinasema thelathini na tano.

Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe zamani, alipokuwa mkuu wa waongozaji, ili kuwaondoa wavivu na walevi. Hakuna aliyewahi kupimwa nayo. Wavivu waliisoma wakaondoka wenyewe.

“Nitashindwaje na dakika zangu mwenyewe?” akaniuliza.

Nikamwambia chai inapoa. Jana tu alitumia dakika kumi kutoka mlangoni hadi bombani na kurudi, na ndoo niliibeba mimi. Lakini kibali hiki anakitaka kuliko anavyotaka kupona, na siku akikikosa sijui nitakuwa naishi na mtu gani.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Hakuna mgeni.

Alhamisi, 20 Machi

Ofisini kuna afisa mpya wa wageni, msichana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Anachomeka kalamu kwenye nywele kisha anaitafuta mezani, basi tumeshampa jina: Kalamu. Leo ameniita. Ameletewa malalamiko. Familia moja ilipanda Njia ya Mto na bibi yao, wakaamini kibao, wakafika kinuni baada ya saa moja na kitu na kukuta basi la jioni limeshaondoka. Wakalala kwenye viti vya kituo.

“Mama, hizi dakika alipima nani?”

“Zimekuwepo siku zote,” nikasema.

“Ndiyo, lakini alipima nani?”

Nikasema sijui. Nimeolewa na aliyepima na nikasema sijui. Akaniambia mvua ikipungua tutazipima upya, mimi na yeye. Nilitoka pale nimemchukia, yeye na nywele zake. Miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika. Au walilalamika na karatasi zikaishia droo fulani, hilo nalo linawezekana.

Jumapili, 23 Machi

Wifi yangu, dada yake mume wangu, amekuja kushinda. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na bado anafika amechoka. Amemkalisha kaka yake akamwambia yeye bado kijana, wanaomrudisha nyuma ni wanaomhurumia. Akasema hivyo ananitazama mimi niliyekuwa nachua mguu wa kaka yake kwa mafuta ya moto.

“Wifi,” nikamwambia, “mguu huu hapa. Nichulie wewe.”

Akakumbuka ameacha kitu jikoni kwake.

Jumamosi, 29 Machi

Mawe ya kuvukia kwenye kijito cha katikati yamesombwa, manne kati ya saba. Nimeyarudisha matatu. La nne nimelitazama, nalo likanitazama, nikaenda nyumbani.

Jumatano, 2 Aprili

Amefanya mazoezi sebuleni, kutoka kabati hadi mlango, saa mkononi. Nikilala nasikia: mguu, mguu unaoburutwa, mguu. Sijapata usingizi wa kutosha tangu barua ije. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatano, 9 Aprili

Tumepima, mimi na Kalamu. Asubuhi ilikuwa kavu kidogo. Nilidhani atakimbia ili anionyeshe, lakini alitembea kama watu wanavyotembea, akasimama kutazama maji, akafunga kamba ya kiatu, akaniuliza ndege yule anaitwaje. Nilipoteleza kwenye ule mteremko mfupi alinishika kiwiko bila kelele. Darajani hadi kinuni, dakika hamsini na mbili.

Tukarudi tukapima tena. Hamsini na nne.

“Labda njia imerefuka,” nikasema.

Akacheka sana. Mimi sikucheka moyoni. Mume wangu ana makosa mengi, lakini hajawahi kudanganya kwa saa. Ni mtu wa kurudi dukani kuuliza saa yao ya ukutani inachelewa kwa nini. Ishirini kasoro kidogo zimeenda wapi?

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwambia tulichopima.

“Huyo mtoto hajui kutembea.”

“Na mimi nilikuwepo.”

“Na wewe hujui kutembea. Hukuwahi kujua.”

Nikamweleza taratibu kwamba kibao kikibadilishwa, atapimwa kwa dakika hamsini na kitu, na hizo huenda akaziweza. Nilidhani namletea habari njema. Akasema hataki dakika za huruma. Akasema thelathini na tano ni zake na atakayezigusa ajue amemgusa yeye. Tangu saa nane mchana amenuna. Chakula amekula lakini amekula amenuna.

Jumanne, 15 Aprili

Bado.

Ijumaa, 18 Aprili

Bado. Mvua kubwa usiku kucha, Njia ya Bustani imefungwa, udongo umeporomoka juu ya ngazi. Nimechimba peke yangu mpaka mikono ikawa haikunjiki. Kalamu amekuja na koleo lake mwenyewe na viatu vya ofisini, akachimba saa nzima, hakuniuliza chochote kuhusu nyumbani. Viatu vimekufa. Nimeanza kuona aibu kwa yale niliyoandika juu ya nywele zake.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika haya usiku.

Asubuhi nilimwacha kitandani. Saa nne nikapanda Njia ya Mto kuangalia kijito, na Kalamu akafuata kupiga picha kwa ajili ya kijitabu kipya. Mvua ilikuwa nyembamba lakini haikatiki. Mbele ya kijito nikaona nyayo kwenye tope: mguu mzima, kisha mfereji mrefu, mguu mzima, kisha mfereji mrefu. Nyayo zile nazijua kuliko uso wangu. Nikaanza kukimbia. Mimi, na magoti haya.

Alikuwa amekaa ndani ya maji ya kijito, maji yamemfika kiunoni, mguu wa kushoto umenasa kati ya mawe mawili. Mahali pale palikosa jiwe la nne, lile nililolitazama nikaenda nyumbani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Saa ameinyanyua juu isilowe.

“Ishirini na sita mpaka hapa,” akaniambia. “Ningefika.”

Sijawahi kumpiga mtu maishani, na nilikuwa karibu. Badala yake niliingia majini nikasukuma jiwe. Kalamu akaingia upande wa pili, akamshika kwapani, na kwa pamoja tukamtoa. Mguu haukuvunjika, ulichubuka tu na kuvimba, lakini kusimama hakuweza. Simu hazishiki kule chini. Toroli langu lilikuwa karibu, nililiacha Jumamosi nilipokuwa nabeba kokoto. Tukamwaga kokoto.

Alikataa. Akasema atafia pale pale kuliko kuingizwa mjini ndani ya toroli.

“Baba,” Kalamu akamwambia, “shikamoo kwanza, maana hatujasalimiana. Mimi ndiye yule mtoto asiyejua kutembea. Naomba uingie, mama amechoka.”

Sijui aliambiwa na nani maneno yale ya mtoto asiyejua kutembea. Nadhani nilimwambia mimi mwenyewe tukiwa tunachimba. Mume wangu akamtazama, akaingia. Tukasukuma kwa zamu. Wifi alikuwa kizingitini kwake tulipopita, mdomo wazi.

Nyumbani nilimvua nguo, nikamkausha, nikamfunika mablanketi mawili. Ndipo nikauliza, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuijua: “Thelathini na tano ulizipataje? Niambie leo, maana leo ungekufa kwa ajili yake.”

Akasema, anatazama ukuta, kwamba siku ile tulipopima, mwaka ule wa kwanza, nilikuwa nyuma yake na kopo la rangi, napaka alama. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, miezi saba. Kila nilipobaki nyuma alinisubiri. Na kila aliponisubiri alibonyeza saa ikasimama.

“Zile zilikuwa dakika za kusubiri,” akasema. “Si za kutembea. Nikazitoa.”

“Njia zote tatu?”

“Zote.”

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mji mzima umepimwa kana kwamba mimi sikuwepo. Bibi wa watu amelala kituoni kwa sababu dakika nilizotembea mimi, na tumbo lile na kopo lile, zilihesabiwa si kitu. Wala hakufanya kwa ubaya, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliona ni sawa.

Nikamwambia nimechoka. Nikamwambia nimechoka kuanzia kabla ya kiharusi, kuanzia kopo lile, na kwamba mwaka mzima huu nimemsubiri yeye, bafuni, bombani, ngazini, kwa daktari, na sina saa ya kusimamisha. Nikamwambia kama dakika hizo nazo zinatolewa, basi tangu mwaka jana mimi sijaishi. Nililia kwa hasira na sikujificha. Nilienda kulala kitanda cha watoto.

Jumatano, 23 Aprili

Homa kidogo. Daktari anasema apumzike wiki mbili. Ananiangalia nikipita. Simwangalii.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimelirudisha jiwe la nne. Nilipaswa kulirudisha siku ile ile, na hilo ni langu, simsukumii mtu. Limechukua asubuhi yote.

Jumatano, 30 Aprili

Kibao kipya cha Njia ya Mto kimewekwa. Njia rahisi, dakika hamsini na tano. Kalamu alitaka hamsini na tatu, katikati ya vipimo vyetu, mimi nikamwambia aongeze mbili za kutazama maji. Nilipaka herufi mwenyewe. Ilipofika zamu ya tarakimu mkono ulisita kidogo, kisha ukaandika.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi nimemkuta jikoni ameegemea meza, anachemsha maji. Amenimiminia chai kwanza. Chai yenyewe haikuwa na majani ya kutosha. Nimeinywa.

“Nitapimwa kwa kibao kipya,” akasema. “Mwambie yule binti.”

Nikauliza kama hizo si za huruma. Akasema amezifikiria, si za huruma, ni za watu.

Jumanne, 13 Mei

Mvua zimepungua. Anatembea kila asubuhi, sasa na fimbo, sasa mchana kweupe. Wifi anamsindikiza hadi darajani na anarudi akihema. Jana alifika nusu ya njia. Daktari amekubali. Kipimo ni Jumamosi. Usiku namsikia amelala kimya, na mimi ndiye niliye macho. Naona kabisa nataka apite. Nilidhani sijali tena, kumbe nataka vibaya sana, nataka nimwone akiwaambia wageni wasikanyage mizizi.

Jumamosi, 17 Mei

Ofisi nzima ni watu wanne na wawili wako likizo, kwa hiyo waliobaki ni mimi na Kalamu. Yeye alisimama darajani amwanzishe saa tuliyokubaliana, kisha amfuate kwa mbali kwa ajili ya usalama. Mimi nikawekwa kinuni kumpokea, na saa, na karatasi ya kipimo ya kujaza na kutia sahihi. Nilimwambia Kalamu haifai, mimi ni mkewe. Akasema anajua, lakini nani mwingine? Na akasema ananiamini.

Nikakaa juu ya jiwe la kusagia. Jua lilitoka kidogo. Dakika ya arobaini, hakuna mtu. Ya hamsini, hakuna. Unaona kona ya mwisho ukiwa kinuni, hatua kama mia mbili, na mimi niliitazama kona ile mpaka macho yakauma. Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Hamsini na tano, na njia tupu.

Alitokea kwenye ya hamsini na saba. Alikuwa anakuja vizuri. Fimbo, mguu, mguu. Jasho linamtiririka, shati limemganda, lakini kichwa kiko juu, anakuja kama mwongozaji, na nilijua kwamba hajui amechelewa kiasi gani au anajua na anakuja hivyo hivyo. Nikaitazama karatasi. Mimi niliyempigia kelele juu ya dakika zilizotolewa, mimi niliyeandika hamsini na tano kwa mkono wangu. Nikachukua kalamu, na kabla hajafika nikaandika hamsini na nne. Nikatia na sahihi.

Akafika. Akashika ukuta wa kinu, akahema mpaka pumzi ikarudi.

“Ngapi?”

“Hamsini na nne.”

Akageuza mkono akatazama saa yake. Nilisahau kwamba nimeolewa na Bwana Dakika.

“Yangu inasema hamsini na tisa.”

“Ulipumzika mahali?”

“Kwenye benchi la kijitoni. Dakika tano.”

“Basi zile si za kutembea,” nikasema, haraka, kwa sababu nilisikia hatua za Kalamu zinakuja. “Ulikuwa unasubiri mguu. Zitoe. Si ndivyo ulivyokuwa ukihesabu wewe?”

Hakukasirika. Alinyoosha mkono, nikadhani anataka nimshike, kumbe anataka karatasi. Akaiweka juu ya goti lake zima, akakata hamsini na nne kwa mstari mmoja, akaandika juu yake hamsini na tisa, polepole, kwa ile mikono yake ya sasa inayoandika kama mtoto. Kisha akanirudishia nitie sahihi upya pembeni.

“Mzee,” nikamwambia, “utakosa kibali.”

“Najua.”

“Hakuna kipimo kingine. Kanuni yako inasema mara moja tu.”

“Niliiandika mimi, naijua.” Akafuta jasho. “Andika zote, mama watoto. Na zile zako nilipaswa kuziandika tangu siku ile.”

Nikatia sahihi. Kalamu akafika, akasoma, akanitazama mimi kisha yeye, akaona ule mstari. Alifungua mdomo kusema neno, mume wangu akatikisa kichwa. Kalamu akaikunja karatasi akaiweka mfukoni, akasema ataenda mbele kutafuta gari la kuturudisha, na akaondoka huku anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Tulibaki wawili pale kinuni. Hakulia, wala hakununa. Alisema hatakuwa mwongozaji tena, akalisema kwa sauti, kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Nikasema ndiyo.

Kisha akasogea kwenye jiwe akaacha nafasi.

“Umechoka?” akaniuliza.

Nikasema sana. Nikakaa.